Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliye Tabora, kuhusu rangi ya chumba cha mama

Mdogo wangu,

Binti yako alinipigia juzi kwa simu ya baba yake. Baada ya kunisalimu na kuniuliza hali kwa sauti ya mtoto aliyefundishwa la kusema, akauliza, "Mama mkubwa, ile rangi ya chumba cha bibi inaitwaje?" Nilipomuuliza ni nani anayetaka kujua, alinyamaza kidogo, kisha akasema ni yeye, kwa kuwa amepewa chumba chake mwenyewe, kile kidogo kinachotazama uani, naye anataka kiwe kama cha bibi. Nyuma yake nilisikia mtu akifunga bomba la maji ili asikie vizuri.

Ninakujibu hapa kwa sababu simu zangu hupokei na ujumbe wangu unausoma bila kuujibu, lakini ninayoandika hapa hayakupiti; shemeji ameniambia. Wengine mtakaosoma mnivumilie, kwa maana haya ni mambo ya nyumba moja ya Ujiji, ingawa mwenye chumba kidogo huenda akapata humu la kumfaa.

Rangi ile haina jina. Niliichanganya mwenyewe uani, chini ya mwembe, lita 4 za krimu na lita 1 ya pichi, zote rangi ya maji isiyong'aa. Mama alipoletewa kadi ya rangi kutoka dukani Mwanga, hapa Kigoma, alipitisha kidole cha mkono wake uliobaki mzima baada ya kiharusi juu ya vile vijiboksi, akaikataa krimu kuwa ni ya ofisini na pichi kuwa ni ya pipi. Lita hizo 5 zilitosha kupiga kuta zote mikono miwili, kwa sababu chumba, kama unavyokijua, ni futi 10 kwa 10, na lita moja ya rangi nzuri hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja ikiwa ukuta ni laini. Cha binti yako nimeambiwa ni kidogo zaidi, kwa hiyo usikubali fundi akununulishe ndoo ya lita 20.

Hata hivyo rangi ni kazi ya mwisho, na ndiyo rahisi. Unaukumbuka ukuta wa upande wa choo, uliopakwa rangi ya mafuta ya kijani hadi usawa wa kifua, ambao kila masika ulitoa malengelenge, na sisi tukiyabonyeza yanatiririsha maji? Unyevu ulikuwa unapanda kutoka kwenye msingi, na kwa kuwa rangi ya mafuta haiupi njia ya kutoka, ulijikusanya nyuma yake na kuisukuma. Kupaka juu ya ukuta wa namna ile ni kutupa fedha. Nilimhamishia mama sebuleni, fundi akabandua lipu iliyooza hadi kwenye tofali, ukuta ukaachwa wazi kiangazi ukauke, kisha akapiga lipu mpya, nayo ikapewa wiki 4 kabla ya kuguswa na brashi. Kuta nyingine zilizokuwa na ile kijani nilizipiga msasa mimi mwenyewe hadi mng'ao ukafa, kwa sababu rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta inayong'aa. Hukaa miezi michache ikaanza kubanduka vipande vipande. Nyinyi huko Tabora hamna unyevu wa ziwa. Tatizo lenu ni vumbi, basi futa kuta kwa kitambaa chenye maji na uziache zikauke, hata kama fundi atakwambia hakuna haja.

Nilipokuwa nikipiga msasa juu ya kichwa cha kitanda, kijani kilipoanza kutoka, ilijitokeza kona ya picha ya gazeti, kiatu cha mwanamke na pindo la gauni. Ulikuwa wewe. Ni wewe uliyekuwa ukikata picha za mabibi harusi na kuzibandika kwa uji wa muhogo, ukiniambia nishike kiti, na mama alipotuchapa sote wawili ulilia zaidi kwa ajili ya picha zilizobanduliwa kuliko kwa ajili ya fimbo. Fundi rangi wa wakati ule alivifunika vipande vilivyobaki kwa kupaka juu yake. Nilimwita mama aje aone, nikamsogeza kwa kiti, akakitazama kile kiatu, akasema, "Huyo mdogo wako alikuwa na jicho la vitu vizuri." Niliona nikuambie hilo kabla ya yanayofuata.

Siku ya arobaini ya mama uliingia nyumbani asubuhi, umetoka kwenye treni, na hitma ikiwa bado haijaanza. Nilikuwa ukumbini nimeshika birika. Uliingia chumbani kwa mama pamoja na mama wadogo, ukasimama katikati, ukazungusha macho kwenye kuta, kwenye zile taa za kamba, kwenye mito ya kitenge, kwenye pazia jeupe la maua ya waridi, kisha ukasema kwa sauti iliyofika hadi jikoni, "Hiki ni chumba cha mgonjwa au cha mwali?" Wapo waliocheka. Ukalishika pazia kwa mikono miwili ukalivuta, bomba likang'oka pamoja na skrubu zake, na kipande cha lipu chenye upana wa kisahani cha chai kikaanguka juu ya mto wa mama kikapasuka. Ukamalizia, "Kumbe fedha ya dawa iliishia hapa." Mama mdogo aliinama akaanza kuokota vipande vya lipu kimoja kimoja, akivitia kwenye upindo wa khanga yake, na wengine wote wakatazama chini. Wewe ulikula pilau, ukaitikia dua, na jioni ukaondoka.

Neno la fedha lilinichoma, lakini lina dawa, kwa sababu daftari lipo na mjomba alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Kila shilingi uliyotuma imeandikwa ilikokwenda, kwenye dawa, kwenye nepi za watu wazima, kwenye nauli za kumpeleka kliniki. Rangi, kitambaa na ujira wa fundi vilitoka kwenye cherehani yangu, kwenye sare za shule za Januari, ambazo nilizishona usiku nikiwa nimeacha mlango wa chumba wazi ili nimsikie akiita. Lisilo na dawa ni kwamba hukuuliza. Ungeuliza hata kwa ukali, ningekujibu palepale mbele ya wote, na leo tusingekuwa tunaulizana rangi kupitia kwa mtoto.

Basi nitakujibu ambalo hukuuliza. Kiharusi kilimchukua mama upande wa kulia. Mtu wa namna hiyo inabidi ageuzwe takriban kila baada ya saa 2, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya kulalia, na anapogeuzwa hana cha kutazama ila ukuta ulio mbele ya uso wake, na saa 2 nyingine ukuta wa pili. Wewe ulimwona akiwa amekalishwa, amefungwa mtandio, na wageni wamejaa. Mimi nilimwona anatazama yale malengelenge ya kijani, na siku moja aliniambia, kwa ule ulimi mzito, kwamba amechoka nayo. Ndipo nilipojilaza kitandani pake, kwanza kwa ubavu mmoja, kisha kwa mwingine, nikaona anachokiona. Kila kitu ulichokicheka kiliwekwa kutokana na pale. Upande wa dirisha nilimwekea pazia lenye maua makubwa, kwa kuwa macho yake yalikuwa hayashiki maua madogo, na upande wa pili rafu moja fupi yenye kikombe chake cha bluu, picha ya marehemu baba na kijimea kwenye kopo.

Nawe fanya hivyo hivyo kabla hujapigilia msumari wowote. Jilaze kwenye kitanda cha binti yako, kichwa kwenye mto, utazame. Watu wengi hupamba chumba cha kulala wakiwa wamesimama mlangoni, kwa ajili ya mgeni atakayechungulia, kisha mwenye chumba analala akitazama soketi na waya.

Uliwaambia mama wadogo kwamba mama hakuwa mtu wa mapambo. Unamzungumzia mama yupi? Wiki ya harusi yako tulimpeleka Kwihara, nje ya mji wa Tabora, kuona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi, na sisi tulipokuwa tunapigana vikumbo kupiga picha, yeye alikuwa ameingia kwenye kimoja cha vile vyumba vyenye kuta nene, akaugusa ukuta kwa kiganja, akasema ukuta kama huu ungechimbwa kishubaka cha kuwekea taa na kitabu, na mtu asingehitaji meza. Nilicheka wakati ule. Kuta zetu za tofali moja hazichimbiki, lakini rafu yake niliifunga mahali ambapo kishubaka kingekuwa, usawa wa mkono wa mtu aliyelala, na kwa chumba cha mtoto ninakushauri vivyo hivyo: rafu moja, fupi, pembeni mwa kitanda wala si juu ya kichwa, na meza ya kando muiache, kwa sababu inakula sakafu. Kitanda kiwe cha futi 3 na nusu kwa 6, cha mninga kama mtaweza, maana huko kwenu mafundi wa mninga wapo, na kiwe na droo mbili chini za kuwekea nguo. Chumba kidogo kinapendeza sakafu yake ikionekana.

Zile taa za kamba zilizokuudhi ni za LED, hazipati joto kubwa, na mama alizipenda kwa sababu nilipokuja kumgeuza usiku sikulazimika kuwasha taa kubwa ikampiga machoni. Kwa binti yako zipite ukutani, mbali na neti, na zisichomekwe kwenye ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine. Taa kubwa nayo uitazame kabla ya kununua. Balbu nyingi za dukani ni 6500K, mwanga mweupe wa zahanati, unaoifanya hata rangi niliyokuandikia ionekane kijivu. Tafuta iliyoandikwa 3000K au 2700K kwenye boksi, ya wati 5 au 7, na chumba kitabadilika kabla hujanunua pambo lolote. Kama fedha ni kidogo, anza na balbu.

Neti chagua ya duara, inayoning'inia kutoka kwenye dari kwa ndoano moja. Mikoa yetu hii miwili inaijua malaria, kwa hiyo neti itakuwepo utake usitake, basi afadhali ndiyo iwe pambo lenyewe; mchana mfundishe aikusanye na kuifunga kwa utepe wa rangi ya foronya. Zulia la manyoya, ambalo najua umeshalitamani, liache. Kwa vumbi la Tabora litajaa ndani ya wiki, na mtoto huyo kifua chake unakijua. Tandika mkeka, ukung'utwe nje kila asubuhi. Foronya nitamshonea mimi kwa kitenge kilichopita bandari ndogo ya Kibirizi, ambacho nimeshakiloweka na kukifua, kwani pamba mpya hurudi na kuchuja rangi, na sitaki kusikia kwamba nimeharibu mashuka yako.

Limebaki pazia. Bomba lifungwe kama inchi 6 juu ya fremu ya dirisha, na lizidi fremu pande zote mbili, ili pazia likifunguliwa likae ukutani na dirisha lote lionekane; hapo chumba kinapata mwanga na dari inaonekana kuinuka. Matundu yatobolewe kwa drili na kutiwa vile vipande vya plastiki vinavyoishika skrubu, vyenye unene sawa na tundu, viingie hadi kwenye tofali na visiishie kwenye lipu. La kwetu fundi aliishia kwenye lipu. Lingeweza kubeba pazia miaka mingi, lakini halikutarajia kuvutwa.

Upana wa kitambaa ni mara mbili ya upana wa bomba, la sivyo mikunjo haikai na pazia linaonekana shuka lililoanikwa. Upande wa ndani nitatia bitana, kwa sababu jua lenu la Septemba na Oktoba halina huruma na maua ya waridi hupauka upesi. Kitambaa nimeshakinunua. Mpe shemeji vipimo anitumie, vya bomba kutoka ncha hadi ncha na vya urefu kutoka kwenye bomba hadi sakafuni, kwa sentimita na wala si kwa shibiri kama ulivyozoea, na mzigo utaupokea stesheni.

Pazia la mama nililishona pale lilipochanika kwenye pete, nikalifua, na limerudi kwenye dirisha lake. Hilo haliji Tabora, wala usimtume mtoto aniombe.

Dada yako,
Ujiji