Kwa Nini Kidole Kilichelewa Kuuma

Mwanangu,

Juzi usiku ulipojikwaa kwenye mguu wa meza, nilikuona umesimama kwa mguu mmoja, umefumba macho, kimya kabisa. Yowe lilikuja baadaye. Kisha ukaniuliza: "Mama, mbona nilijua kitauma kabla hakijauma?" Nilikuwa na usingizi nikakukwepa. Leo nalipa deni.

Habari za kidole chako hazikusafiri pamoja. Neva za mguso, yaani mishipa ya fahamu inayobeba habari za kugusa, zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mayelini, na umeme huruka humo kwa mita 50 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana ulijua papo hapo kwamba umegonga kitu. Mchomo mkali ukafuata nyuma kidogo. Ila yale maumivu mazito, yale yaliyokutoa machozi, hupita kwenye neva nyembamba zisizo na mafuta, na mwendo wake ni kama mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Pima kutoka kidoleni hadi kiunoni, upige hesabu mwenyewe. Na mguu ulikuwa umeshajivuta! Amri hiyo ilitoka kwenye uti wa mgongo, haikungoja ubongo.

Kuna jambo moja linanishangaza mpaka leo. Seli za neva kwa kawaida hazigusani. Kati ya moja na nyingine upo mwanya wa nanomita 20 hivi. Panga mianya 50,000 na utapata milimita moja tu. Umeme ukifika ukingoni, seli humwaga kemikali, na kemikali ndiyo inayovuka kuamsha seli ya pili, au kuituliza. Mwanasayansi Otto Loewi alilionyesha hilo mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya chura: aliusisimua mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza hadi ukapunguza mapigo, akachukua maji yaliyouzunguka, akayatia kwenye moyo wa pili. Nao ukapunguza mapigo. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo hilo lilimjia ndotoni, akaliandika gizani, na asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake. Bahati yake ndoto ilirudi usiku uliofuata. (Mwandiko wako nao, tutauzungumzia siku nyingine.)

Sasa kumbuka ulichofanya bila kufundishwa na mtu: ulikishika kidole ukakisugua. Mwaka 1965 wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo pana kitu kama lango. Habari za mguso zikijaa pale, habari za maumivu hubanwa, zikapita chache. Nadharia yao imerekebishwa hapa na pale tangu wakati huo, lakini kusugua kunasaidia kweli, na wewe ni shahidi.

Meza nimeisogeza ukutani. Ukiamka usiku, washa taa.

Mama yako