Barua ya kufunga muhula: vishikwambi na filamu za Darasa la Kwanza na la Pili

Ndugu wazazi na walezi,

Habari za kazi na malezi. Watoto wa Darasa la Kwanza na la Pili wanafunga muhula wakiwa na filamu fupi walizotengeneza wenyewe. Baadhi yenu mmeuliza, na ni haki yenu, kama vishikwambi havijageuka televisheni nyingine darasani. Jibu letu ni kuwaeleza kazi inavyofanyika, ili mweze kuiendeleza likizoni kwa simu mliyo nayo.

Kishikwambi kinashikwa mwisho. Siku mbili za mwanzo ni karatasi, penseli, mkasi na gundi. Kundi la watoto wanne hukunja karatasi mara mbili kupata visanduku vinne, kisha huchora hadithi yao: nani yupo, anataka nini, nini kinamzuia, inaishaje. Kundi ambalo halijamaliza michoro halipewi kifaa. Mtoto akipata kamera kabla ya hadithi, hupiga dari na viatu.

Baada ya hapo ndipo filamu inaanza, picha moja moja. Sinema ya kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde. Kwa watoto hawa, picha 6 kwa sekunde zinatosha. Chukulia basi la mwendokasi lililokatwa kwenye boksi, magurudumu yake vizibo vya soda, likitoka Kimara kwenda Kivukoni juu ya karatasi ya A3 iliyolazwa. Karatasi hiyo ina sentimita 42. Basi likisogezwa sentimita moja kwa kila picha, karibu upana wa kidole cha mtoto, safari nzima ni picha 42, yaani sekunde 7. Darasa la Pili hupiga hesabu hiyo wenyewe. Wakiwa na haraka wakasogeza sentimita tatu, basi linaruka kama chura; wanaliona kosa papo hapo na kurudia bila kuambiwa. Hapo ndipo tunapoona faida kubwa ya kazi hii.

Yanayoharibika zaidi ni haya. Kifaa kikishikwa mkononi, picha yote inatikisika; kiegemezwe kwenye boksi na kubanwa kwa vitabu viwili, na pembe za karatasi zibandikwe mezani kwa selotepu. Filamu ikiwa inameremeta, giza na mwanga vikipokezana, chanzo ni kamera kujipimia mwanga upya kila picha: wingu limepita, au mtoto mwenye shati jeupe la sare ameinama karibu na meza. Fungia mwangaza kwenye mipangilio ya kamera kama simu inaruhusu, vuta pazia, washa taa moja isiyohamishwa. Mkono ulioonekana kwenye picha unazuiwa kwa kanuni moja tu: kabla ya kubonyeza, wote mikono nyuma. Feni izimwe, maana hupeperusha vikaragosi vya karatasi.

Feni hiyohiyo huharibu sauti pia. Sauti hurekodiwa picha zikishakamilika, katika stoo yenye mapazia na vitambaa, kwa sababu kuta tupu hurudisha mwangwi. Nyumbani, chumba cha kulala chenye godoro na khanga zilizotundikwa kinafaa kuliko sebule. Mvua ikianza kupiga bati, ahirisheni. Mdomo ukae shibiri moja kutoka kwenye kifaa, na kiganja kisizibe tundu la kipaza sauti. Rekodini sekunde 5 za majaribio, msikilize, ndipo muanze. Mtoto asisome kwenye karatasi; aiseme hadithi kama anavyomsimulia bibi yake. Muziki waupige wenyewe, kwa ndoo na vizibo: nyimbo za redioni zina wenyewe.

Kwa likizo, pakueni Stop Motion Studio, programu ya kuunganisha picha moja moja kuwa filamu, ambayo ina toleo la bure, kisha wekeni simu katika hali ya ndege ili ujumbe usikatize kazi. Filamu ya sekunde 10, kwa picha 6 kila sekunde, ni picha 60. Gawanyeni kwa siku tatu, picha 20 kwa siku, maana mtoto wa miaka saba akichoka huanza kusogeza ovyo. Mzazi ashike boksi, asishike hadithi.

Filamu zetu zinaonyesha kazi za watoto, si nyuso. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, hivyo hatutaweka sura wala jina la mtoto mtandaoni bila ridhaa yenu ya maandishi. Fomu imeambatanishwa, irudi siku ya kufungua shule. Tunaomba pia msirushe kwenye makundi ya WhatsApp filamu zenye sauti za watoto wa wenzenu.

Muhula ujao tutaanza ScratchJr, programu ya bure iliyotengenezwa kwa watoto wa miaka 5 hadi 7, ambapo mtoto huamuru kikaragosi kwa kupanga vitufe vya picha. Ikishapakuliwa haihitaji intaneti.

Mwenye maboksi ya viatu, vizibo au mabaki ya vitambaa ayalete ofisini kwa mwalimu wa taaluma.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu
Dar es Salaam