Barua kwa mwanangu: usiwashe mashine kama hujalala

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Tukuyu. Huku hatujambo, mvua bado ipo. Dada yako kanieleza mliyoongea: kwamba tangu msiba wa mwenzio wa kazini mliyelala chumba kimoja, unalala saa mbili tatu tu kwa usiku, na bado kila asubuhi uko kwenye msumeno wa mbao. Baba, usiwashe ile mashine kama hujalala. Mengine nitakayoandika yanaweza kungoja, hili haliwezi.

Watafiti walishapima. Mtu aliyekesha saa 24 mfululizo, mikono na macho yake hufanya kazi kama ya mlevi ambaye sheria haimruhusu kushika usukani. Na anayelala kidogo siku nyingi, ubongo hujizima sekunde mbili tatu macho yakiwa wazi, mwenyewe asijue. Ubao ukibanwa na msumeno ukarushwa nyuma, hizo sekunde zinatosha, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Mwombe msimamizi akuweke kwenye kupanga mbao na kuweka vijiti vya kukaushia, au kupima na kuandika, walau wiki mbili. Mwambie wazi kwamba ni msiba, usisingizie tumbo. Ila kazi usiiache kabisa, maana kushinda chumbani ukitazama kile kitanda cha mwenzio kutazidi kukunyima usingizi.

Unasema kifua kinabana na chakula hakina ladha. Msiba hukaa mwilini pia. Mate hukauka, mtu husahau alichotumwa, wengine husikia kabisa sauti ya marehemu mlangoni au humwona sokoni kwa mgongo. Hayo huwapata wafiwa wengi, si wazimu, na wala haina maana kwamba marehemu anakudai kitu. Na huweza kuzidi baada ya matanga, watu wakishaondoka na wewe unahesabiwa umepoa. Usishangae ikiwa hivyo. Wapo watakaokuhesabia zile hatua tano za huzuni, kama kwamba kila mfiwa lazima azipitie. Mama wa watu, daktari Elisabeth Kübler-Ross, alipozieleza mwaka 1969 alikuwa anazungumzia wagonjwa waliokaribia kufa, si wafiwa. Usijipime nazo. Leo utacheka na wenzako mchana, usiku ulie, kesho usisikie chochote. Na ukitaka kulia, lia. Lile neno la mwanaume halii ulilisikia hapa hapa nyumbani, liache.

Sasa ulanzi, hiyo pombe ya mianzi. Nimesikia. Mtogwa wa asubuhi, ule mtamu usiochacha, sikukatazi, lakini mkangafu wa jioni, ule mkali uliochacha, ili ulale, hapana. Pombe inakulaza haraka kisha inavunja usingizi wa nusu ya pili ya usiku. Ndiyo maana unashtuka saa 8 au saa 9 moyo ukienda mbio, na huwezi tena kulala. Kesho yake unaongeza kikombe, na asubuhi uko mbele ya msumeno ukiwa hujalala na pombe haijaisha mwilini. Vidonge vya usingizi vya kununua dukani bila daktari pia usiguse, na usithubutu kuvichanganya na pombe. Viwili hivyo pamoja hupunguza pumzi.

Fanya hivi. Amka saa ile ile kila siku, hata kama ulilala alfajiri, kisha toka nje upate mwanga. Chai ya rangi na kahawa ziishie saa 8 mchana, maana nguvu yake hukaa mwilini saa nyingi. Ukisinzia mchana isizidi nusu saa. Usiku ukijigeuza kama dakika 20 bila usingizi, inuka, jifunike shuka, ukae ufanye kitu chepesi, urudi kitandani macho yakiwa mazito. Ukigaagaa humo kitandani mpaka kunakucha, mwili unazoea kwamba kitanda ni mahali pa kukesha. Simu iache mbali. Zile sauti za marehemu ulizohifadhi zinakili kwa dada yako zisipotee, na uzisikilize mchana ukiwa na mtu. Kula kwa saa, usingoje njaa: uji wa maziwa asubuhi, ndizi moja katikati, ugali hata nusu sahani. Maji unywe hata kama husikii kiu.

Mazishi hukuwahi, na nadhani hapo ndipo penye donda. Nenda kwao marehemu, Makete. Omba siku tatu, pita Makambako na Njombe, usiende mikono mitupu: sukari, mchele, na bahasha ya rambirambi. Kaa na mama yake, mwache aongee, mweleze mambo ya mwanawe kazini ambayo hayajui. Kaburini nenda mchana na ndugu mmoja, useme ulichotaka kusema. Na hilo la "laiti ningemlazimisha aende hospitali mapema", chukua karatasi uandike ulijua nini siku ile, siku yenyewe, si unachokijua leo. Utaona ulijua ana homa, basi.

Nguo zake usigawe wewe, wala kitanda usikiache hivyo hivyo miezi; waite ndugu zake waje wachukue. Kama unajua namba yake ya siri ya pesa za simu, usitoe hata shilingi, hata ya jeneza. Familia iende kwa kampuni ya simu yenyewe na cheti cha kifo. Ukitoa kwa nia njema, kesho utaitwa kwenye kikao cha ukoo ujieleze.

Nimefurahi ulivyosimamia daftari la michango mpaka senti ya mwisho. Watu wamenisifia wewe hadi kanisani. Lakini kunificha haya wiki nzima hukunitendea haki.

Wiki mbili zikipita bado hulali, au ikakujia fikra ya kumfuata, usingoje mimi. Mwambie uliye naye usiku huo huo, asubuhi mwende hospitali ya rufaa ya mkoa Iringa muulizie kliniki ya afya ya akili. Namba 199 ya wizara ya afya hupigwa bure. Akisema mtu ni mambo ya kurogwa, msikilize kwa heshima, halafu panda gari.

Mbao za 2 kwa 4 za jiko ulizoniahidi zisubiri, paa la zamani litavuka masika haya. Ng'ombe kazaa jike. Mdogo wako bado anadaiwa mchango wa shule, baba yako atauza viazi, wewe usitume kitu mwezi huu. Nimempa kondakta blanketi zito na koti la baba yako, kapokee stendi ya Mafinga Alhamisi. Jumapili baada ya ibada nipigie, na kabla ya salamu uniambie juzi na jana ulilala kwa saa ngapi na ulipangwa kazi gani.

Mama yako