Takwimu za samaki wa Pangani zitoke kabatini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie samaki wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililo katika Mto Pangani, au niseme makaratasi yao.

Nilikuwa mkusanya takwimu mwaloni, yaani pale wavuvi wanaposhushia samaki, hadi nilipostaafu. Mitumbwi ikifika, samaki wanamwagwa kwenye turubai, unachagua kadhaa, unamlaza mmoja mmoja kwenye ubao wenye rula, unasoma sentimita, unampandisha kwenye mizani, unaandika harakaharaka maana mchuuzi wa Moshi ameshawasha pikipiki na hana subira na mambo ya serikali. Fomu yangu ilikuwa na safu moja tu ya perege. Humo aliingia perege wa asili wa huku, Oreochromis jipe, ambaye IUCN, shirika la dunia la uhifadhi, inamhesabu miongoni mwa walio hatarini mno kutoweka, na humohumo akaingia ngege, perege wa aina nyingine aliyeletwa kutoka kanda ya Ziwa Victoria. Mvuvi mzoefu anawatofautisha kwa kuwatupia jicho tu. Kwenye fomu zilikuwa kilo, basi, na kilo hizo ndizo zilizopanda wilayani, mkoani hadi wizarani.

Halafu bwawa lenyewe linaguswa na Mwanga, Moshi Vijijini na Simanjiro. Mikoa miwili, wilaya tatu, kila moja na mafaili yake.

Kina cha maji kinafuatiliwa, kwa kuwa kuna mitambo ya umeme ya megawati 8 inayokitegemea. Bodi ya Maji Bonde la Pangani iko hapahapa Moshi. TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, ilianzishwa mwaka 1980. Wanafunzi wa vyuo nao huja, hupima, huondoka. Taarifa zipo, tena nyingi, ila mimi sijaziona zikikaa pamoja.

Na pa kuzipeleka papo. COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, ina TanBIF, kituo cha taifa cha taarifa za bioanuwai, kilichounganishwa na mtandao wa dunia wa GBIF. Tena taarifa zikitunzwa hudumu: samaki wa Ziwa Chala, hapa Kilimanjaro, Oreochromis hunteri, alielezwa na mwanasayansi wa London mwaka 1889, na jenasi nzima ya Oreochromis, ambayo hata sato yumo, ikaanzia kwake. Habari za samaki huyo wa zama za wakoloni bado zinasomeka. Baadhi ya madaftari yangu, ya juzijuzi tu, yaliliwa na mchwa katika stoo ya ofisi moja ambayo sitaitaja.

Wapo wanaosema tukiziweka hadharani wageni watazichapisha kwa majina yao. Hofu hiyo naielewa, nimeyaona. Basi kila rekodi iandikwe mwalo ilikotoka na aliyeikusanya. Kuzifungia hakujamsaidia mvuvi wala samaki. Siku hizi Arusha na Moshi watu wanachimba mabwawa ya kufugia sato. Mvua kubwa ikija, sato hao wakitorokea mtoni, wanaweza kuzaana na perege wa asili. Afisa anayegawa vifaranga atajuaje wa asili wamebaki wapi, kama fomu inasema "perege, kilo 40"?

Wizara ya Mifugo na Uvuvi igawanye safu ile kwa spishi, na kila sampuli ipigwe picha. Simu kila mtu anayo. Madaftari yaliyosalimika yaskaniwe kabla ya masika, stoo nyingine zinavuja. Mwandiko wangu ukiwashinda, niiteni nije niusome. Nauli nitajilipia.

Mkusanya takwimu mstaafu,
Pasua, Moshi