Barua kwa Mwanangu: Siku Tulipogeuzwa Njiani Kabla ya Kufika Changuu

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, sisi huku Unguja hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Jana bibi yako alinipigia simu kutoka Wete akaniambia kwamba umemsimulia safari yetu ya kwenda kuwaona kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, na kwamba umesema nahodha yule ni mwoga, alitunyima kobe bure. Nilikosa usingizi, kwa sababu neno hilo ulilisikia kinywani mwangu, na ni juu yangu kulifuta.

Unakumbuka tulivyoondoka. Asubuhi ile ya Novemba bahari ya Forodhani ilikuwa shwari, nawe ulikumbatia fungu la mchicha ulilolichagua mwenyewe sokoni Darajani. Kwa wiki nzima nilikuwa nikikuhadithia kwamba kobe wale asili yao ni visiwa vya Aldabra huko Shelisheli, kwamba wanne wa mwanzo waliletwa mwaka 1919 wakiwa zawadi kutoka kwa gavana wa Shelisheli, na kwamba wako waliopita umri wa miaka mia moja ambao bado hula majani kutoka mkononi mwa mtoto. Ahadi ilikuwa kubwa, na niliyeikuza ni mimi.

Tulipofika kama katikati ya njia, nahodha alipunguza mwendo wa injini, akatazama upande wa bara kwa muda mrefu. Mimi niliona wingu tu. Yeye aliona kwamba chini ya wingu lile maji yalikuwa yamegeuka rangi na kuanza kukunjamana, na akahisi ubaridi uliotupitia ghafla shingoni. Ule ulikuwa wakati wa maleleji, kusi imeondoka na kaskazi haijakaa sawa, ambapo upepo unaweza kugeuka kabla mtu hajamaliza kikombe cha chai. Aliposema tunarudi, nilimjibu kwamba kisiwa kile pale tunakiona, nauli nimekwisha kulipa, kisha nikamuuliza mbele yako na mbele ya mama yako kama mtu mzima anaogopa wingu. Hakunijibu. Alikukazia kamba za jaketi okozi kwa mkono wake mwenyewe, akageuza boti.

Yaliyofuata uliyaona. Mvua ilikuja ya ubavu, Changuu ikapotea machoni kana kwamba haikuwahi kuwapo, na kijana wa boti akawa anafua maji kwa kopo huku mama yako akisoma dua kwa sauti. Kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kugeuka, mawimbi yalitusukuma kwa nyuma kuelekea pwani. Lau tungeshikilia kwenda mbele, yangetupiga ubavuni, na boti fupi kama ile ikipigwa ubavuni hujaa maji upesi. Hayo nimeyafahamu baadaye. Wakati ule nilichokishika ni mkono wako tu, na wewe ulichokishika ni mchicha, ambao ulikuwa umeloa chumvi na kunyauka, nawe hukukubali kuuachia hata tulipokanyaga mchanga.

Ulilia sana jioni ile, nami nikakunyamazisha kwa kumlaumu mtu ambaye alikuwa ametutoa baharini salama. Nisamehe, mwanangu. Ilikuwa rahisi kwangu kumwita mwoga kuliko kukiri mbele yako kwamba sikuijua bahari niliyokupeleka.

Leo baada ya swala ya alasiri nilikwenda ufukweni kumwomba radhi. Nilimkuta akipaka boti yake rangi, akanipisha nikae, wala hakutaka nirefushe maneno. Amesema kaskazi ikishatulia, mwezi wa Januari, twende mapema, saa moja ya asubuhi, kabla upepo haujaamka. Kisha akaniuliza kama yule mtoto wa mchicha hajambo. Nimemwambia yuko Pemba kwa bibi yake, na akirudi atakuja na fungu jingine.

Ni mimi baba yako akupendaye.