Mwanangu, Zipokee Hizo Sini Tatu

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeupata. Wamekupa tena nafasi ya mama wa jirani kwenye filamu, sini (yaani maonyesho) tatu tu, na unafikiria kukataa. Usikatae. Kabla hujawajibu, tafuta filamu za Thelma Ritter, Mmarekani aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1902. Karibu kazi yake yote ya filamu ilikuwa watu wa namna hiyo: mtumishi wa ndani, muuguzi, mama mkwe, mchuuzi. Hata hivyo aliteuliwa mara 6 kuwania Oscar, tuzo kubwa ya filamu ya Marekani, kama mwigizaji msaidizi.

Alisomea uigizaji, akapanda jukwaani, akapumzika kulea watoto wawili, akarudi kupitia redio. Filamu yake ya kwanza, Miracle on 34th Street ya 1947, ilimkuta ameshavuka miaka 40, na jina lake halikuandikwa hata kwenye orodha ya waigizaji. Ndani yake ni mama aliyechoka kuzunguka madukani siku za Krismasi akimtafutia mwanawe gari la zimamoto la kuchezea. Katika duka la Macy's, mzee aliyekaa kama Baba Krismasi anamwahidi mtoto kwamba atalipata. Mama anapandwa na hasira, maana ameshatafuta kote akakosa. Mzee anamtajia duka jingine linaloliuza. Tazama uso wa Ritter hapo. Hasira haigeuki furaha papo hapo. Kwanza anashangaa, anatilia shaka, kwani tangu lini duka likampeleka mteja kwa mshindani wake? Furaha inafuata baadaye. Waigizaji wengi huharibu hapohapo, wakiruka kutoka kununa hadi kucheka bila kupita katikati. Darryl Zanuck, mkuu wa studio ya Fox, alipokiona kipande hicho aliagiza huyo mama aongezewe nafasi.

Haja ndiyo inayombeba mhusika mdogo. Mhusika mkuu ana filamu nzima ya kujieleza, wewe una dakika nne. Basi shika haja moja inayoonekana kwa macho. “Anataka heshima” kamera haiioni. Gari la zimamoto inaliona. Skripti ikikunyima haja, ijenge mwenyewe: huyo mama jirani amekuja kuazima nini, au kurudisha nini? Alikuwa akifanya nini kabla hajabisha hodi? Mikono yake ina unga, au imelowa maji ya kufulia? Ukihitaji kifaa, mwombe mwongozaji mapema, si asubuhi ya kurekodi.

Baada ya haja, mikono. Katika Rear Window ya 1954, ya Alfred Hitchcock, Ritter ni Stella, muuguzi anayetumwa na kampuni ya bima kumhudumia mpiga picha aliyevunjika mguu. Anampima joto, anamkanda mgongo, na muda wote anamsema kwa tabia yake ya kuchungulia majirani. Maneno ni mengi mno, lakini hujisikii kama unahubiriwa, kwa kuwa mikono yake ina shughuli na shughuli hiyo haingoji maneno.

Shughuli za mikono zina mtego wake. Sini moja hurekodiwa mara nyingi: picha pana, picha ya karibu ya mwenzako, kisha ya kwako. Ukiinua kikombe kwenye neno fulani katika picha pana, kiinue kwenye neno lilelile kila mara, kwa mkono uleule. Ukibadilisha, mhariri hawezi kuunganisha vipande, na kinachokatwa ni chako, si cha nyota. Chukua penseli uweke alama kwenye skripti. Vitendo vitatu kwa sini fupi vinatosha. Usigonge sahani juu ya maneno ya mtu, kwa sababu mlio hauondoleki kirahisi kwenye sauti. Kama mnakula, chukua tonge dogo sana. Mkirudia mara kumi utakuwa umeshiba na mdomo umejaa wakati wa kusema. Na mwenzako anaposema neno zito, tuliza mikono kabisa.

Katika All About Eve ya 1950 Ritter ni Birdie, mtumishi wa mwigizaji maarufu, na ndiye wa kwanza kumshuku Eve, msichana anayejipenyeza kwa bosi wake. Watazamaji wakishaanza kushuku nao, Birdie anatoweka na filamu inaendelea bila yeye. Mimi naona ni hasara, lakini inakufundisha kumuuliza mwongozaji: mhusika huyu yupo ili mtazamaji ajue nini?

Televisheni nayo alifanya. Mwaka 1955 alikuwa mama katika The Catered Affair, mchezo wa saa moja uliorushwa moja kwa moja, ambapo ukisahau neno hakuna kurudia. Mwaka uliofuata mchezo ukawa filamu na nafasi ile akapewa Bette Davis. Ujue mapema kwamba hayo hutokea: unamjenga mtu, kisha anapewa mwenye jina kubwa.

Kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni Moe katika Pickup on South Street ya 1953, ya Samuel Fuller. Moe anauza tai na siri za wezi, akidunduliza fedha za kaburi lake asije akazikwa na wasio na ndugu. Muuaji anapomkuta chumbani, Ritter hapigi kelele. Anaongea kama mtu aliyetoka kazini, kila sentensi ikiwa nzito kuinua, na kamera inahamia kwenye santuri kabla hatujausikia mlio wa bunduki. Itazame mara ya kwanza bila sauti, uhesabu anavyosogea. Utaona ni kidogo sana.

Oscar hakuipata hata moja. Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani, aliipata mwaka 1958, kwa New Girl in Town, akilingana kura na mwenzake wa mchezo huo, Gwen Verdon.

Sasa mkataba. Mgomo wa waigizaji wa Hollywood wa 1960 uliwapatia malipo filamu zao zinapoonyeshwa kwenye televisheni, lakini kwa zile zilizotengenezwa tangu mwaka huo. Za nyuma, ambazo ndizo nyingi za Ritter, ziliingiza fungu la mara moja kwenye mfuko wa pensheni na matibabu, na mwigizaji mwenyewe hakulipwa kwa marudio. Kwa hiyo kabla hujatia sahihi, hakikisha imeandikwa utalipwa nini filamu ikienda kwenye televisheni na mtandaoni, na jina lako litaandikwaje. Nitumie nakala niisome kwanza.

Mama yako