Barua ya wazi kwa vijana wetu mnaokwenda kuisomea Ulaya

Wanangu,

Marahaba. Salamu zenu zimenifikia. Nimefurahi mno kusikia kwamba baadhi yenu mmepata nafasi za kusoma huko Ubelgiji, wengine Leuven, wengine Bruges, na mmoja bado anajiuliza aende Brussels au angoje majibu ya kwingine. Mmeniomba ushauri kwa sababu nilipita huko enzi hizo, nikarudi, nikafanya kazi serikalini kwenye mambo ya biashara mpaka nikastaafu. Nitawajibu mliyoniuliza, na mengine ambayo hamkuniuliza mtayapata bure.

Najua swali mnaloulizwa nyumbani: shahada ya uzamili ya masomo ya Ulaya ni ya kazi gani? Si bora usomee uhasibu? Msiwakasirikie wajomba, swali lao lina maana. Somo hili lina historia kidogo, sheria kidogo, uchumi kidogo na siasa kidogo, na anayelipitia juujuu hurudi akijua kila kitu nusunusu. Kazi atapata kwa bahati.

Lakini fikirini hivi. Berlin walifungua chuo cha lugha za Mashariki mwaka 1887, na Kiswahili kikawa kati ya lugha zilizofundishwa pale, kwa sababu maofisa wa koloni walihitaji kuwaelewa watu waliokuwa wanakwenda kuwatawala. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikuwa mmoja wa walimu wao kuanzia 1900. Baadaye Hamburg, London na kwingineko wakajenga idara na maktaba nzima juu yetu. Sisi tunaowasoma wao kwa utaratibu huo ni wangapi? Wengi wetu tunawajua kwa ligi za mpira, kwa foleni ya viza na kwa mitumba. Ndiyo maana nasema nendeni, ila nendeni mkijua mnakwenda kumsoma mtu mtakayekuja kukaa naye meza moja, yeye upande ule na ninyi upande huu.

Chukueni mfano wa maua ya Naivasha. Mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000, kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, ulisema upendeleo wa kibiashara tuliokuwa tukipewa bila kutakiwa kufungua masoko yetu ungekoma mwisho wa 2007, na nafasi yake ichukuliwe na mikataba mipya, ile tunayoiita EPA, yaani mikataba ya ubia wa kiuchumi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikajadiliana, ikasitasita, na siku ya mwisho iliyowekwa na Ulaya, 1 Oktoba 2014, ikafika kabla hatujamaliza. Kuanzia hapo maua ya Kenya yakatozwa ushuru kwenye soko la Ulaya mpaka Krismasi. Maua ya Arusha hayakuguswa. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilikuwa kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, na kwa kanuni ya Ulaya ya 2001 nchi hizo huingiza kila kitu bila ushuru isipokuwa silaha. Kenya haikuwamo. Jumuiya moja, forodha moja, lakini mmoja anapigwa na wanne wanatazama. Mtu asiyeijua kanuni ile ya 2001 hawezi kuelewa kwa nini tulivutana vile.

Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zikatia saini, Tanzania ikakataa. Hayati Mzee Mkapa aliandika kuupinga mkataba ule, akihofia viwanda vyetu, kwa kuwa ulitutaka tufungue hatua kwa hatua asilimia 82.6 ya bidhaa zinazotoka Ulaya, kwa muda wa miaka 25. Mwishowe Kenya ikaenda peke yake: ikatia saini Desemba 2023, na mkataba ukaanza kazi 1 Julai 2024. Mimi nilikuwa upande wa waliokataa na bado nipo. Lakini sitaki mniamini. Nataka mkautafute mkataba wenyewe, pamoja na viambatanisho vyake vyote, mkausome kwa rula na penseli, kisha mje mnibishie. Waliokuwa wakirushiana maneno redioni wakati ule, wa pande zote mbili, walioufungua walikuwa wachache.

Niwaonyeshe kidogo chumba cha majadiliano kilivyo. Upande wa pili huja na mwanasheria ambaye kazi yake ni sura moja tu, ile ya kanuni za asili ya bidhaa. Mwulize habari ya samaki aliyevuliwa nje ya maji ya nchi: atakuambia meli inapaswa kupeperusha bendera ya nani, imesajiliwa wapi na inamilikiwa na nani kwa kiasi gani, ndipo samaki yule ahesabiwe kuwa wako na asitozwe ushuru. Upande wetu ofisa mmoja ana samaki, ana maziwa ya unga, ana sukari, na saa nane anatakiwa kwenye kikao kingine. Watu wetu wana akili, tena sana. Wanachokosa ni wenzao waliokaa miaka miwili wakisoma sura ile ile moja. Mwenye sikio ameshaelewa ninamwambia nani.

Darasani mtafundishwa kwamba Muungano wa Ulaya ulianza kwa Ufaransa na Ujerumani kupatana juu ya makaa ya mawe na chuma. Ni kweli. Someni lakini tamko la Robert Schuman, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, la 9 Mei 1950 mpaka chini, maana ni fupi. Mtakuta sentensi inayosema kwamba Ulaya, ikishapata nguvu zaidi, itaweza kushughulikia moja ya kazi zake za msingi, yaani maendeleo ya bara la Afrika. Mwaka 1950, nani alituuliza? Kisha fungueni Mkataba wa Roma wa 1957, ule ulioanzisha soko lao la pamoja, sehemu ya nne, na orodha ya nchi na maeneo ya ng'ambo yaliyofungamanishwa na soko lile jipya. Kongo ya Kibelgiji imo. Ruanda-Urundi imo. Somalia iliyokuwa chini ya uangalizi wa Italia imo. Tanganyika na Kenya hazimo, kwa sababu bwana wetu, Mwingereza, alikuwa bado nje. Aliingia 1973, akatoka 31 Januari 2020. Wenzenu wa Bukavu na Bujumbura watakaokuwa nanyi darasani wana haki ya kulichukulia somo hili kuwa historia ya kwao pia.

Sasa tasnifu, ambayo nadhani ndiyo ya muhimu kuliko yote. Msiandike juu ya Brexit, huko kutoka kwa Mwingereza. Wameshaandika, wataandika, na hamna mtakachowazidi. Andikeni jambo ambalo Mzungu mwenzako wa darasani hawezi kuliandika kwa sababu hajui Kiswahili na hajawahi kupanda daladala la Mbozi. Kuna kanuni ya Ulaya ya 2023 inayotaka kila gunia la kahawa lionyeshe kwa ramani shamba lilikotoka, na kwamba shamba hilo halikutokana na msitu uliokatwa baada ya 31 Desemba 2020. Utekelezaji umesogezwa mbele, lakini vyama vya ushirika vya kahawa tayari vinahangaika. Nendeni mkaone mkulima wa robo eka anavyopimiwa shamba kwa simu, muulize nani anagharimia, na ramani ile baadaye inabaki mikononi mwa nani. Hiyo ni tasnifu.

Au chukueni Mkataba wa Arusha wa 1969 kati ya Ulaya na nchi zetu tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, ambao leo hata Arusha kwenyewe wachache wanaukumbuka. Nyaraka za kihistoria za Muungano wa Ulaya ziko Florence, kwenye jumba la Villa Salviati, na watafiti hupokelewa. Anayependa sheria alinganishe mahakama mbili. Ile ya Ulaya, iliyoko Luxembourg, mwaka 1963, katika kesi ya Van Gend en Loos, ilisema raia wa kawaida anaweza kuudai mkataba mbele ya hakimu wa nchi yake, na serikali zikanung'unika lakini zikameza. Mahakama yetu ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, nayo, katika kesi ya Anyang' Nyong'o ya 2006, ilizuia wabunge wa Kenya wasiapishwe kwenye Bunge la Afrika Mashariki. Muda si muda wakuu wa nchi wakaurekebisha mkataba wenyewe, majaji wakaonja joto ya jiwe. Kwa nini kule zilimeza na huku hazikumeza? Sijaridhika na jibu lolote nililosoma mpaka leo.

Lugha: jifunzeni Kifaransa kabla ya kupanda ndege. Chuo cha Ulaya cha Bruges, kilichoanzishwa 1949, kinafanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa, na hamtavuka kwa kimoja. Leuven mji mzima ni Kiholanzi, ingawa masomo yenu yatakuwa kwa Kiingereza. Mkitaka kujua Wabelgiji wanavyoichukulia lugha, chuo cha Leuven, cha tangu 1425, kiligawanyika mwaka 1968 kwa ajili hiyo, wa Kiholanzi huku na wa Kifaransa kule, na inasimuliwa kwamba hata vitabu vya maktaba viligawanywa kwa namba, witiri huku, shufwa kule. Halafu wao ndio wenyeji wa makao makuu ya umoja wa Ulaya.

Mitihani. Alama ni juu ya 20, na kumi ndiyo kufaulu. Mtu aliyezoea A za nyumbani akipewa 13 hufikiri ameonewa; 16 ni ya kusherehekea. Mingine ni ya mdomo: unapewa swali, unakaa pembeni dakika chache na karatasi tupu, kisha unakaa mbele ya profesa naye anaanza kuuliza kwa nini, kwa nini, kwa nini. Kudesa hakukusaidii hapo. Januari mji hunyamaza, kila mwanafunzi kajifungia chumbani kwake, kile wanachokiita kot, wanasoma. Jifungieni nanyi.

Pesa sitaisema sana. Tafuteni ufadhili wa Erasmus Mundus, uliopo tangu 2004, na maombi jazeni wenyewe. Wakala anayedai pesa akuhakikishie nafasi ni tapeli. Ukifika, kajiandikishe manispaa mapema. Sheria ya Ubelgiji inamruhusu mwanafunzi kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kubeba boksi si aibu, wengi tulibeba. Ila nimeona boksi likimmeza mtu: mwaka wa kwanza saa 20, wa pili hahudhurii vipindi, wa tatu kazamia na tasnifu haina hata sura ya pili.

Jumapili moja, mkiwa Brussels, pandeni tramu namba 44 hadi Tervuren. Jumba la makumbusho la Afrika mtaliona, lakini nendeni pia kanisani. Kando yake kuna makaburi saba ya Wakongo, kati ya 267 walioletwa mwaka 1897 kuonyeshwa kwa watazamaji kwenye maonyesho ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Majina yameandikwa, yasomeni. Jumatatu rudini darasani kwenye sura ya haki za binadamu.

Mkimaliza, nakala moja ya tasnifu ipelekeni maktaba ya makao makuu ya Jumuiya hapa Arusha, na nyingine nileteeni mimi, iliyochapwa, maana macho yangu na simu hawapatani tena. Na anayetaka nimsomee pendekezo lake la utafiti aniletee kabla hajampa msimamizi. Nitalitia kalamu nyekundu bila huruma.

Mzee wenu,
Sakina, Arusha